Namba Aliyoificha Mizani

Kwa miaka kumi na moja, kila asubuhi, kabla hata ya kuulizana habari za usingizi, Bi Hesabu alimuuliza mumewe swali lile lile. "Leo ni ngapi?"

Na mumewe, ambaye nyumbani na kazini aliitwa Mizani, alimjibu kwa uso mkavu kama shahidi mahakamani. "Kumi na saba." Kesho yake ilikuwa sita. Keshokutwa ilikuwa ishirini na nane, "ila usimwambie mtu." Zote zilikuwa uongo mtupu, na wote wawili walijua. Walicheka, wakanywa chai, wakaenda kazini kwenye ofisi mbili zilizotenganishwa na ukuta wa mbao, na namba ya kweli ikabaki kichwani mwa Mizani.

Sasa Mizani alikuwa akishinda kwenye kiti cha mito karibu na dirisha la jikoni, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine ambao ameombwa kuushika kidogo. Kiharusi kilimkuta bafuni miezi minne iliyopita, akinyoa ndevu, povu bado lipo shavuni. Kilimwachia macho yake, kicheko chake na maneno kama thelathini hivi. Mengine yote kiliyazoa.

"Leo ni ngapi?" aliuliza Bi Hesabu, amechuchumaa mbele yake, daftari mkononi.

Mizani alimtazama. Alitazama daftari. Midomo ilihangaika, kisha neno likatoka. "Tisa."

Akaandika tisa, chini ya tatu ya jana na ishirini na mbili ya juzi. Juu zaidi kulikuwa na thelathini na tano, ambayo haikuwezekana kabisa, na siku moja ambayo jibu lilikuwa "chai."

Waliosikia habari hii mtaani walidhani ni namba ya siri ya simu. Laiti ingekuwa hivyo, maana fundi simu angeimaliza kwa nusu saa. Kazi yenyewe ilikuwa hii. Ulimwengu umejaa kitu kisichoonekana. Hakiwaki, hakiakisi mwanga, lakini kina uzito, na uzito huo ndio unaozizuia nyota zisitawanyike. Wataalamu wanakiita maada ya giza. Kimejikusanya marundo marundo, na ndani ya marundo hayo galaksi zimetulia kama mayai, ndiyo maana pale kwenye taasisi ya anga Mizani na mkewe walikofanya kazi waliyaita viota. Viota vyepesi havina idadi. Vizito kupindukia ni adimu, na hivyo adimu ndivyo alivyovihesabu Bi Hesabu.

Alivihesabu kwa sababu vinatunza siri ya mwanzo. Ulimwengu ulipokuwa mchanga kabisa ulikuwa karibu sawa kila mahali, ila kwa mikunjo midogo sana, na mikunjo hiyo ndiyo iliyokua mpaka ikawa viota. Ukijua leo viota vizito ni vingapi, unaweza kurudi nyuma na kusema mikunjo ile ilikuwa ya namna gani. Ama ilitawanyika ovyo tu, ya kawaida, isiyo na habari yoyote. Ama kulikuwa na kitu kilichoipinda katika dakika ile ya kwanza, na viota vizito vikazidi kidogo kuliko inavyotarajiwa. Bi Hesabu alikuwa na miaka hamsini na mbili, na zaidi ya nusu ya umri huo aliutumia kutaka kujua jambo hilo moja.

Mizani ndiye aliyevipima. Kiota hupimwa kwa jinsi kinavyopinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake, na kazi hiyo inahitaji jicho na subira kiasi cha kumtia mtu wazimu. Alichukua miaka sita. Alipomaliza, walifanya kama wanavyofanya wenzao wote wa fani hiyo ili wasijidanganye, maana anayelitamani jibu fulani hulipata hata kama halipo. Mizani alichagua namba moja, si chini ya moja wala zaidi ya thelathini, akaviongezea viota vyote uzito kwa asilimia hiyo. Kundi zima lingefanya hesabu zake kwa uzito huo wa uongo. Siku hesabu zote zikiwa zimekamilika na hakuna wa kugusa kitu, yeye angetaja namba, uzito ungerudishwa, na jibu litakalotoka ndilo litakaloandikwa, liwe tamu, liwe chungu. Hilo waliliita kufungua, na mtu hufungua mara moja tu.

Kwa kawaida namba kama hiyo huandikwa na kufungiwa mahali. Bi Hesabu ndiye aliyekataa.

"Ukiiandika popote nitaiona," alimwambia mumewe siku ile. "Kwenye simu, chini ya soli ya kiatu, nitaiona. Najijua."

"Basi nitaiweka kichwani."

"Hapo ndipo siwezi kufika."

Alimtaka pia afute vipimo vya awali mbele ya macho yake, naye akavifuta, kimoja kimoja, akipiga mluzi. Kwa miaka kumi na moja Bi Hesabu alijivunia uadilifu huo. Aliusimulia kwenye mikutano, na watu walimpigia makofi.

Mkurugenzi wa taasisi alimwita wiki ya pili ya mwezi. Alikuwa mtu mpole anayependa kusogeza kalamu zake mezani wakati wa kutoa habari mbaya, na siku hiyo kalamu hazikukaa.

"Daktari Hesabu, mumeo anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Namba?"

"Bado."

Mkurugenzi akashusha pumzi. Darubini iliyopiga zile picha ilizimwa miaka mitano nyuma, na wenyewe wakafuta picha ili diski zitumike kwa mambo mengine, kwa hiyo kupima upya hakukuwepo. Hesabu zote zilikuwa zimekamilika, ilibaki namba tu. Kundi lilikuwa limebaki watu wanane na lilikalia vyumba vitatu. "Mwisho wa mwezi," alisema. "Mkifungua, mtaendelea. Msipofungua, nitalifunga jalada. Sina namna. Hivi hakuna njia ya kukokotoa bila hiyo namba?"

"Ipo. Ukisema namba inaweza kuwa yoyote, na jibu nalo linakuwa lolote."

"Nafikiri hilo nimelielewa," alisema Mkurugenzi kwa huzuni.

Ndipo Bi Hesabu alipoanza kumsumbua mumewe. Lazima niseme hivyo hivyo, alimsumbua. Alimuuliza asubuhi, mchana akirudi kwa chakula, jioni akimvua viatu. Alimsomea moja mpaka thelathini polepole, akichungulia macho yake kama yataruka mahali. Yaliruka kwenye nne, siku nyingine kwenye kumi na tisa, siku nyingine kwa ndege aliyetua dirishani. Alimletea karatasi na kalamu, na Mizani kwa mkono wa kushoto akachora kitu kilichofanana na kijiko.

Jumapili moja uvumilivu ulimwisha. "Ishirini na sita," alikuwa amesema Mizani, kisha akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha mzaha wao wa miaka yote, na mkewe akapandwa na hasira ambayo hakujua kama anayo. Alimshika mabega. "Usinichezee!" alipiga kelele. "Ya kweli! Nipe ya kweli! Unayo humo ndani, unayo!"

Machozi yalimtoka Mizani upande mmoja wa uso, na upande mwingine ukabaki kama ulivyo.

Wifi yake alitoka mbio chumba cha mbele. Alikuwa dada mdogo wa Mizani, fundi cherehani, amehamia na mashine yake pale nyumbani tangu kaka alipotoka hospitali, na hata sasa alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kusema, na hilo lilimpa muda wa kukasirika vizuri.

"Wifi. Huyu ni kaka yangu, si kabati. Huwezi kumtikisa ukitegemea kitu kidondoke."

"Najua."

"Hujui. Tangu arudi nyumbani hujamuuliza kama mguu unamuuma. Unamuuliza namba. Mtaalamu wa viungo anakuja kesho kuanza mazoezi ya mkono. Utakuwepo?"

"Kesho nina kikao."

"Basi," alisema wifi, akairudisha pini ya kwanza mdomoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatano, siku tatu baada ya ugomvi huo, Bi Hesabu aliuliza kwa sauti ndogo, kwa aibu, karibu asiulize. "Leo ni ngapi?"

"Kumi na nne," alisema Mizani.

Alisema bila kuhangaika. Neno lilitoka zima, na baada yake akaachia tabasamu pana, akimtazama mkewe kama anayesubiri kitu. Bi Hesabu aliandika. Alhamisi: kumi na nne. Ijumaa: kumi na nne. Jumamosi hakuuliza makusudi, na Mizani mwenyewe, chai ilipowekwa mezani, akamgusa mkono na kusema, "Kumi na nne."

Bi Hesabu aliweka kikombe chini. Akampima. "Si ishirini?" Mizani alitikisa kichwa. "Kumi na tatu?" Akatikisa, kisha akanyanyua kidole, kama mwalimu, moja zaidi. "Kumi na nne." Jumapili, Jumatatu na Jumanne jibu halikubadilika. Kwa muda wote tangu augue hakuwahi kurudia namba siku mbili mfululizo, na sasa alikuwa na siku saba mfululizo kwenye daftari, zimepangana wima.

Alimkumbatia mumewe shingoni, akalia kwenye kola ya shati. "Umerudi," alimwambia. "Mume wangu, umerudi." Mizani alifurahi kwa sababu yeye alifurahi. Hilo Bi Hesabu aliliona, ila hakulitilia maanani.

Walifungua Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla mwezi haujaisha. Watu wote wanane walikuja wakiwa wamepiga pasi. Kwenye ukuta palikuwa na picha ya mstari mmoja unaoteremka, idadi ya viota jinsi inavyopaswa kupungua kadiri uzito unavyoongezeka, kama mwanzo wa ulimwengu ulikuwa wa kawaida. Nukta za Mizani hazikuwa zimewekwa bado. Namba ikiwa kubwa, uzito ungepungua sana, nukta zingelala kwenye mstari, na kazi ya miaka yote ingesema kwamba hapakuwa na lolote. Namba ikiwa ndogo, nukta za mwisho, zile za viota vizito kabisa, zingepanda juu yake.

"Una hakika?" Mkurugenzi alimuuliza. Alikuwa amekaa mbele, bila kalamu.

"Siku tisa mfululizo. Nina hakika."

Alisema hivyo mbele za watu, na wote waliamini, kwa sababu katika jengo lile hakukuwa na mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko la Bi Hesabu. Mtunza kompyuta akaandika kumi na nne. Nukta zikatokea ukutani, zikafuata mstari kwa utiifu kutoka kushoto, zikateremka nao, na nne za mwisho zikaachana nao. Zilipanda juu, si kidogo. Hakukuwa na wa kusema ni bahati.

Mtunza kompyuta akaanza kucheka peke yake, na mwingine akaficha uso kwa mikono, na Mkurugenzi, yule mpole, akasimama na kukaa, akasimama tena. Kitu kilikuwepo. Mwanzoni kabisa, kabla ya nyota yoyote, kitu kiliipinda mikunjo ile, nao ndio waliokiona. Bi Hesabu alitazama zile nukta nne na kufikiri kwamba akifa leo hatadai chochote.

Hakungoja keki wala hotuba. Alitaka Mizani awe wa kwanza kusikia kutoka kinywani mwake, akaondoka saa nne na nusu, saa ambayo hakuwahi kuwa nyumbani siku ya kazi tangu mumewe augue. Alipanda ngazi mbili mbili kama msichana. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa, na kabla hajaingia alisikia sauti ya wifi yake ikihesabu.

"Kumi na moja. Vizuri, kaka. Kumi na mbili. Bana, usinilegezee. Kumi na tatu. Moja tu imebaki, moja tu. Haya, kumi na..."

"Nne!" ilimalizia sauti ya Mizani, kwa shangwe.

Na wifi akapiga makofi.

Bi Hesabu alisimama mlangoni. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake, ameshika mpira mdogo wa sponji kwa mkono ule mbovu, jasho usoni, anacheka. Alipomwona mkewe, macho yakazidi kung'aa. Aliunyanyua mpira amwonyeshe. "Kumi na nne," alimwambia.

"Wifi, mbona mapema?" alisema fundi. "Umemwona shujaa? Alianza na mbili, siku ya kwanza nikadhani hatutafika popote. Jumanne ya wiki iliyopita akafika kumi na nne. Mtaalamu alisema akifika hapo apumzike, asizidishe. Nikampigia makofi, wee! Hujawahi kuona mtu amefurahi hivyo. Sasa hata usiku nikimfunika ananiambia, kumi na nne. Anajua ukiitaja watu wanacheka." Akamtazama usoni. "Una nini? Kaa. Kaa chini."

Bi Hesabu hakukaa. Alitoa daftari kwenye mkoba, akalifungua, ingawa hakuhitaji. Kumi na nne ya kwanza ilikuwa Jumatano. Siku iliyofuata ile Jumanne.

Alirudi kazini kwa miguu. Keki ilikuwa imeshakatwa. Alimkuta Mkurugenzi ofisini kwake, akamweleza yote akiwa amesimama, mpira, makofi na siku, na Mkurugenzi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Inaweza kuwa ndiyo hiyo hiyo," alisema. "Hujafikiri? Labda mpira ulimkumbusha."

"Inaweza. Nafasi moja katika thelathini."

"Jibu limekaa vizuri mno, Daktari. Umeliona. Na nani atajua? Wewe, mimi, na fundi cherehani."

Bi Hesabu alimtazama bila hasira. Njia nzima aliwaza hayo hayo, na alikuwa ameyawaza kwa ustadi kuliko yeye. Aliwaza pia kwamba sasa haiwezekani tena hata kubahatisha, maana watu wote wanane walikwisha kuona nukta zikiachana na mstari, na hakuna macho yatakayosahau. Wangeitafuta kumi na nne katika kila watakachogusa. Walikuwa wameharibika, na aliyewaharibu ni yeye, kwa neno lake la uhakika.

"Inaumiza zaidi kwa sababu inaweza kuwa kweli," alisema. "Huenda leo tumeuona mwanzo wa ulimwengu. Na sitajua. Mpaka naingia kaburini sitajua. Funga jalada, Mkurugenzi."

"Fikiri mpaka kesho."

"Kesho nitakubaliana na wewe. Funga leo."

Akasaini pale alipoonyeshwa. Kwenye chumba chake aliondoa ukutani picha ya mstari, akatoa funguo mbili kwenye shada, na akapita mbele ya ofisi ya Mizani, ambayo bado ilikuwa na sweta lake mgongoni mwa kiti. Alilichukua. Hakuwa na kingine cha kubeba.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na haraka ya kwenda popote. Cherehani ilikuwa inaanza kunguruma chumba cha mbele. Bi Hesabu alimnawisha mumewe uso, akamkausha, upande mzima na upande mbovu, akamvalisha sweta. Akamuuliza kama mguu unamuuma. Mizani akasema ndiyo, na mkewe akaukanda, polepole, mpaka alipomwona anashusha pumzi. Kisha akaketi mbele yake. Ilikuwa saa ile ile ya miaka kumi na moja, na Mizani alikuwa anamtazama mdomoni, anasubiri.

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa nyuma ya mlango. Hakwenda kulichukua.

"Leo ni ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nne," alisema Mizani, na akatabasamu, akingoja.

Bi Hesabu akampigia makofi.